Intaneti Inapokatika Saa Ile Ile: Tafuteni Kifaa, Msitafute Mtu



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya shida ambayo miaka ya nyuma haikuwa shida ya kijiji. Ni shida ya intaneti ya nyumbani inayokatika-katika. Siku hizi katika Uriri, kuanzia vituo vya kando ya barabara kuu ya Awendo na Migori hadi Oyani na Rapogi, vikundi vingi vimenunua rauta ya kutumia laini ya simu. Wanachama wanachanga pesa ya bando, rauta inawekwa nyumbani kwa mmoja wao au katika duka, na watu wanakuja kufanya kazi zao. Kuna anayejaza fomu za serikali, kuna anayetuma hesabu za kikundi, kuna mtoto wa chuo anayefuata masomo, na kuna mama anayeongea na mwanawe aliye mbali.

Halafu siku moja mtandao unaanza kusumbua. Unakaa vizuri asubuhi, ikifika jioni unazunguka tu. Au unakatika dakika kumi, unarudi, unakatika tena. Hapo maneno yanaanza. Wengine wanasema mweka hazina hakulipa bando. Wengine wanasema mwenye nyumba anazima rauta kwa siri ili watoto wake wapate peke yao. Wengine wanamwangalia vibaya jirani mwenye duka la kuchomelea vyuma. Mwisho kikundi kinanunua rauta mpya, na shida inabaki pale pale.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kikundi cha watu 15, kila mmoja akichanga shilingi 200 kwa mwezi, ni shilingi 3,000 kwa mwezi na shilingi 36,000 kwa mwaka. Hiyo si pesa ya kuchezea. Inaweza kununua mbegu na mbolea za wanachama kadhaa. Lakini kinachotusumbua zaidi ya pesa ni kwamba kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya kitu kidogo kama chaja mbovu ya simu. Ndiyo maana tumeona tueleze jambo hili pole pole, hatua kwa hatua.

INTANETI YA NYUMBANI INASIMAMA KWA MIGUU MITATU

Kabla ya kutafuta ugonjwa ni lazima tujue mwili. Rauta ya laini ya simu ina miguu mitatu.

Mguu wa kwanza ni kutoka mnara wa simu, ule ambao wengi huuita busta, hadi kwenye rauta. Hapa habari zinasafiri hewani kwa mawimbi ya redio.

Mguu wa pili ni kutoka rauta hadi kwenye simu au kompyuta yako. Hii ndiyo waifai. Nayo pia ni mawimbi ya redio, lakini ya safari fupi.

Mguu wa tatu ni stima inayolisha rauta yenyewe. Stima yetu Kenya ni volti 240. Rauta nyingi hazitumii hiyo moja kwa moja. Zinatumia volti 12, nyingine 9 au 5, na kile kiboksi cheusi cha kuchomeka ukutani, yaani adapta, ndicho kinachopunguza.

Mguu mmoja ukiumia, mtu anayeangalia simu yake anaona kitu kimoja tu: netiwaki imelala. Hawezi kujua ni mguu gani. Kwa hiyo kazi yetu ni kupima mguu mmoja mmoja.

STIMA INAPIGAJE KELELE?

Fikirini mkutano wa kikundi chini ya mti. Mwenyekiti anasoma hesabu kwa sauti ya kawaida na kila mtu anasikia. Ghafla kinu cha posho kilicho karibu kinawashwa. Mwenyekiti hajanyamaza wala sauti yake haijapungua, lakini waliokaa karibu na kinu hawamsikii tena. Wanaanza kuuliza, "Umesema ngapi?" Naye anarudia. Akirudia kila neno mara tatu, mkutano wa saa moja unakuwa wa saa tatu.

Intaneti iko hivyo hivyo. Rauta isiposikia vizuri, inaomba habari zirudiwe. Zikirudiwa mara nyingi, wewe unaona mtandao umekuwa polepole. Kelele ikizidi kabisa, mazungumzo yanakatika.

Lakini kelele hii hatuisikii kwa masikio. Ni kelele ya mawimbi ya redio. Inatoka wapi? Inatoka katika njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni cheche. Kila mahali cheche inaporuka, inatoa mawimbi ya redio. Hata mitambo ya kwanza ya Marconi, miaka ya mwisho ya 1890, ilituma ujumbe hewani kwa kutumia cheche. Leo cheche zinapatikana katika mashine ya kuchomelea, katika mota zenye brashi kama za blenda na dreli, katika swichi iliyolegea, na katika soketi ambayo plagi inacheza-cheza.

Njia ya pili ni vifaa vinavyokata-kata stima. Chaja ya simu, balbu za LED, televisheni za siku hizi, adapta za kila aina, inveta ya sola na kile kidhibiti cha kuchaji betri ya sola, vingi vya vifaa hivi hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima stima ndani yake maelfu na maelfu ya mara kwa sekunde moja. Hilo si kosa, ndivyo vilivyoundwa. Kifaa kizuri kina chujio ndani cha kuzuia kelele isitoke nje. Kifaa cha bei ya kutupa mara nyingi mtengenezaji ameondoa chujio ili apunguze gharama. Kelele inatoka, inaingia katika waya za nyumba, na waya hizo zinakuwa kama eriyo ya kuitangaza.

Sasa hapa tuwe waangalifu. Si kila kelele inafika kwenye intaneti yako. Kelele ya chaja na balbu ina nguvu zaidi katika masafa ya chini, yale ya redio ya AM. Simu za 4G zinatumia masafa ya juu sana, na kule kelele hii imeshachoka. Kwa kawaida itasumbua rauta ya laini ya simu ikiwa kifaa kibovu kiko karibu kabisa, pengine mita moja au mbili. Waifai nayo husumbuliwa hasa na vitu vinavyotumia masafa yale yale yake, ambayo kwa rauta nyingi ni megahati 2,400 na kitu. Humo mnaingia oveni ya maikrowevu, woofa ya Bluetooth, kamera za ulinzi zisizo na waya, na rauta za majirani.

Kwa hiyo usikimbilie kusema ni balbu ya jirani aliye ng'ambo ya barabara. Anza karibu.

KISA CHA TELEVISHENI KUUKUU HUKO WALES

Ili mjue kwamba shida hii haiwapati watu wa vijijini Kenya peke yao, sikilizeni jambo lililotangazwa mwezi wa Septemba 2020 kutoka kijiji kiitwacho Aberhosan, huko Wales nchini Uingereza. Kwa miezi 18, kila siku ikifika saa moja asubuhi, intaneti ya kijiji kizima ilikuwa inakatika. Kampuni ya waya, Openreach, ilituma mafundi mara nyingi. Walipima laini na kuziona ni nzima. Wakabadilisha hata nyaya. Shida ikabaki.

Mwishowe mafundi walifika alfajiri wakiwa na kifaa cha kupima mawimbi, wakatembea kijijini huku mvua ikinyesha. Ilipofika saa moja, kifaa kikaonyesha mlipuko mkubwa wa kelele. Wakaifuata kelele hadi kwenye nyumba moja. Kumbe mwenye nyumba alikuwa na televisheni kuukuu, na kila asubuhi aliiwasha saa moja kamili. Hiyo televisheni ilikuwa inatoa kelele ya kuangusha mtandao wa kijiji. Mwenyewe hakujua lolote. Alipoambiwa aliona haya sana, akakubali mara moja kutoiwasha tena, na shida ikaisha.

Tuna mambo matatu ya kujifunza hapa. Kwanza, saa ilikuwa ndiyo dalili kubwa. Kitu kinachotokea saa ile ile kila siku kina mkono wa mtu unaokiwasha, hata kama mtu huyo hana nia mbaya. Pili, kubadilisha vifaa kabla ya kupima ni kupoteza pesa. Tatu, mafundi hawakutafuta mkosaji, walitafuta kifaa.

Tofauti ni hii: intaneti ya Aberhosan ilipitia waya za shaba za simu, na waya hizo zinatumia masafa ya chini ambako kelele ya stima ina nguvu. Ndiyo maana televisheni moja iliweza kuangusha kijiji. Rauta zetu za laini ya simu haziangushwi kirahisi namna hiyo, na kifaa kibovu kwa kawaida kitasumbua nyumba moja. Waliopata intaneti ya nyaya za kioo, zile zinazopitisha mwanga, wao waya yao haisikii kelele ya stima kabisa. Lakini waifai yao ndani ya nyumba inasikia, na rauta yao inakula stima kama zetu.

MAMBO YANAYOFANANA NA KELELE LAKINI SI KELELE

Mara nyingi tunalaumu kelele, kumbe ni kitu kingine. Angalieni haya kwanza.

Mabati. Nyumba nyingi na maduka mengi kwetu yana paa la mabati, na mengine hata kuta ni za mabati. Bati linazuia mawimbi ya redio. Rauta iliyowekwa ndani ya duka la mabati, mbali na dirisha, ni kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe akijaribu kumsikia mtu aliye nje.

Kabati na vitambaa. Wengi wetu tunaweka rauta ndani ya kabati la televisheni, juu yake kitambaa kizuri kilichofumwa, na woofa pembeni. Kitambaa kinaifanya rauta ipate joto, na rauta yenye joto sana hujizima au huwa polepole. Tena kabati lenyewe limejaa vifaa vyote tunavyovishuku.

Msongamano wa jioni. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku watu wengi wanatumia mnara mmoja. Hapo mtandao utakuwa polepole kwa kila mtu, hata nyumba yako ikiwa kimya kabisa.

Bando. Mipango mingine hupunguza mwendo ukishatumia kiasi fulani. Angalieni salio kabla ya kumlaumu mtu.

Stima kupungua nguvu. Hili ndilo kubwa kwetu. Mota ya kinu au ya pampu ya maji inapoanza kuzunguka, kwa sekunde chache inavuta stima mara tano hadi saba kuliko inavyovuta ikishachanganya. Mkiona taa zinafifia kidogo kisha zinarudi, ndiyo hiyo. Balbu inafifia tu, lakini rauta inajizima na kujiwasha upya. Ikijiwasha inachukua dakika mbili tatu kutafuta mnara. Kinu kikiwashwa na kuzimwa mara kumi kwa asubuhi, mtasema mtandao umekatika mara kumi. Na kweli umekatika, lakini mnara hauna kosa.

HATUA ZA KUTAFUTA SHIDA

Hatua hizi hazihitaji mtaalamu. Zinahitaji daftari, redio ndogo, na subira.

Hatua ya kwanza: Daftari. Kwa siku saba andikeni kila mtandao unapokatika: tarehe, saa, umekatika kwa muda gani, taa za rauta zilikuwaje, na ni vifaa gani vilikuwa vimewaka. Msiandike "jioni". Andikeni "saa moja na dakika ishirini". Angalieni hasa kama taa zote za rauta zinazimika na kuanza upya, au zinabaki zimewaka. Zikizimika zote, shida iko mguu wa stima. Baada ya wiki someni daftari pamoja.

Hatua ya pili: Linganisheni na nje. Mtandao ukikatika, mtu achukue simu yenye laini ya kampuni ile ile, azime waifai, atoke nje uwanjani ajaribu. Simu ikikataa pia, shida iko kwenye mnara au ni msongamano, na hakuna kifaa cha nyumbani cha kulaumu. Simu ikifanya vizuri nje huku rauta ikikataa ndani, endeleeni na hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: Pimeni waifai peke yake. Simameni hatua moja kutoka kwenye rauta. Kama mtandao ni mzuri pale lakini mbaya katika chumba kingine, shida ni waifai. Afadhali zaidi, kama mna kompyuta, iunganisheni kwa waya. Ikiwa kwa waya kila kitu ni sawa, mnara na stima viko huru.

Hatua ya nne: Jaribio la betri. Hili ndilo jaribio lenye kusema ukweli. Tafuteni betri ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya rauta, au azimeni rauta ya kubeba yenye betri yake ndani. Msichukue betri ya sola na kuiunganisha moja kwa moja wakati paneli inachaji, kwa maana volti zake hupanda kupita 14 na zinaweza kuharibu rauta. Sasa fanyeni hivi kwa mpango:

(a) Rauta iko kwenye betri, vifaa vingine vyote vya nyumba vimewaka kama kawaida. Subirini zile saa ambazo mtandao hukatika. Ukikaa vizuri, basi shida ilikuwa inaingia kupitia waya wa stima: ama nguvu inapungua, ama kelele inapita kwenye adapta.

(b) Ukiendelea kukatika, rauta ibaki kwenye betri, kisha zimeni swichi kubwa ya nyumba. Sola na inveta pia zizimwe. Mtandao ukitulia, kelele ilikuwa inakuja hewani kutoka ndani ya nyumba. Ukiendelea kukatika hata nyumba ikiwa giza, basi sababu iko nje: mnara, mabati, au jirani.

Hatua ya tano: Washeni kimoja kimoja. Mkishajua kwamba sababu iko ndani, chomoeni vifaa vyote kwenye soketi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa maana televisheni iliyozimwa kwa rimoti bado inakula stima. Rudisheni swichi kubwa. Washeni kifaa kimoja, subirini dakika kumi, andikeni. Kisha cha pili. Msiwashe viwili kwa pamoja.

Hatua ya sita: Redio ya kunusa. Chukueni redio ndogo ya betri yenye AM. Iwekeni mahali pasipo na stesheni, ambapo mnasikia mvumo hafifu tu. Tembeeni nayo polepole karibu na balbu, chaja, televisheni, kidhibiti cha sola. Penye kelele kubwa redio itanguruma au kupiga mlio wa nyuki. Zimeni hicho kifaa. Mlio ukiisha, mmekipata kinachopiga kelele. Ila kumbukeni: redio inaonyesha anayepiga kelele, haithibitishi kwamba ndiye anayekata intaneti. Ni mshukiwa tu.

Hatua ya saba: Thibitisheni. Washeni mshukiwa, mtandao unakatika. Zimeni, unarudi. Rudieni mara tatu. Ikitokea mara zote tatu, sasa semeni mmejua. Ikitokea mara moja tu, huenda ni bahati.

Kwa wale vijana wanaojua kufungua ukurasa wa rauta kwa kutumia nywila, kuna namba mbili za kuangalia. Moja inaandikwa RSRP, nayo inaonyesha nguvu ya mnara: karibu na -90 ni nzuri, ikishuka chini ya -110 ni dhaifu. Ya pili ni SINR, inayolinganisha sauti ya mnara na kelele: ikiwa 20 au zaidi ni safi sana, ikishuka chini ya 0 kelele imezidi sauti. RSRP ikiwa nzuri na SINR ikiwa mbaya, kuna kelele au msongamano. Zote mbili zikiwa mbaya, hameni na rauta dirishani kwanza.

WASHUKIWA WA KAWAIDA KWETU

Balbu za LED na chaja za bei ya chini sana, hasa zisizo na alama ya ubora ya KEBS. Adapta ya rauta ambayo si yake, iliyonunuliwa baada ya ile ya kwanza kuungua. Ekstensheni moja iliyobeba televisheni, woofa, friji na rauta kwa pamoja. Kidhibiti cha sola na inveta vilivyotundikwa karibu na rauta. Woofa ya Bluetooth iliyokaa bega kwa bega na rauta. Mashine za vifaranga, friji na pampu, kwa sababu hujiwasha na kujizima zenyewe. Vifaa vya saluni na mashine ya kuchomelea kwa walio sokoni.

Pia kuna kile kisanduku kidogo cha kuongeza nguvu ya eriyo ya televisheni. Vikiharibika, vingine huanza kutangaza vyenyewe katika masafa yaliyo karibu na ya simu, na katika nchi nyingi vimewahi kupatikana vikisumbua mitandao. Kama mna kimoja, kichomoeni katika majaribio yenu.

DAWA, TUKIANZA NA YA BURE

1. Hamisheni rauta. Iwekeni juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mita mbili au zaidi kutoka kwenye televisheni, woofa, inveta na chaja. Umbali ukiongezeka mara mbili, kelele ya hewani inabaki kama robo. Hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hii.

2. Ondoeni kitambaa. Rauta inahitaji hewa.

3. Ipeni rauta soketi yake yenyewe, mbali na ekstensheni ya friji na mota.

4. Badilisheni masafa ya waifai. Kama rauta yenu ina megahati 5,000, zitumieni kwa walio karibu. Maikrowevu na Bluetooth hazifiki huko, ingawa safari yake ni fupi na kuta huidhoofisha. Kama ina 2,400 tu, jaribuni chaneli 1, 6 au 11, kwa maana hizo haziingiliani.

5. Badilisheni kifaa kibovu. Balbu moja au chaja moja ni rahisi kuliko rauta. Mkinunua adapta, volti ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye rauta, na ampea ziwe sawa au zaidi.

6. Tumieni kizuizi cha kelele. Ni kile kipande cheusi kinene mnachokiona kwenye waya wa chaja ya kompyuta. Huuzwa pia peke yake. Zungusheni waya wa adapta ndani yake mara tatu hadi tano, karibu na rauta.

7. Nunueni betri ndogo ya rauta. Kama jaribio la (a) lilionyesha kwamba stima ndiyo inayopungua, hii ndiyo dawa yenyewe. Rauta haitajua kinu kimewashwa.

ONYO LA HATARI

Kelele nyingine ni kengele ya moto. Mkikuta soketi ya moto, harufu ya plastiki inayoungua, mlio wa cheche ndani ya ukuta, au swichi iliyogeuka rangi, hilo si jambo la intaneti tena. Zimeni swichi kubwa na muite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Msifungue ubao wa fyuzi wenyewe, na msifungue televisheni, kwa maana ndani yake volti hubaki hata ikiwa imechomolewa.

Cheche zikiwa juu ya nguzo au kwenye transfoma, kaeni mbali na mjulishe Kenya Power kwa nambari 97771. Ni vilevile kama kijiji kizima kinaona taa zikififia kila siku. Na huku kwetu karibu na ziwa tunajua radi zetu. Mvua ya radi ikianza kunguruma, chomoeni rauta na eriyo, na majaribio yote yasimame.

Msinunue mashine za kuongeza nguvu ya mtandao wa simu zinazouzwa kimya kimya. Zisizoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinaweza kuharibu mtandao wa eneo zima, na mwenye nayo anaweza kushtakiwa. Mamlaka hiyo hiyo ndiyo inayopokea malalamiko ya mawimbi yanayoingiliwa. Mkienda kwao au kwa kampuni ya simu, bebeni lile daftari. Fundi akiona saa na tarehe zimeandikwa, hawezi kuwaambia "zimeni na kuwasha" kisha akaondoka.

KAMA KIFAA NI CHA JIRANI

Hapa ndipo panapohitaji hekima kuliko ufundi. Mwenye mashine ya kuchomelea anatafuta riziki. Mwenye kinu anasagia watu unga. Hawakununua mashine ili kuwakomoa. Nendeni watu wawili au watatu mnaoheshimiana naye, na daftari mkononi. Msianze kwa kusema, "Wewe unatuharibia." Semeni, "Mzee, tunaomba utusaidie kujua jambo. Tunaomba uzime na kuwasha mara tatu, sisi tuangalie." Akiona kwa macho yake, atakuwa upande wenu. Pengine mtakubaliana saa: yeye achomelee asubuhi, nanyi mtume hesabu zenu baada ya saa kumi. Pengine mtagundua waya wake umelegea, na mtakuwa mmemwokolea duka lake lisiungue.

Na kama kikundi kilikuwa kimemshuku mweka hazina au mwenye nyumba, halafu ikaonekana ni balbu, mwenyekiti aseme wazi mbele ya mkutano kwamba mtu huyo hana kosa. Maneno yaliyosemwa hadharani husafishwa hadharani. Mtu aliyeshukiwa bure hasahau upesi, na kikundi kitamhitaji kesho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Rauta yetu imewekwa wapi? Iko umbali gani kutoka televisheni, sola na mabati?

2. Ni nani atakayeshika daftari kwa wiki moja, na nani atamsaidia akiwa shambani?

3. Je, mtandao ukikatika, huwa tunamshuku mtu au tunashuku kifaa? Kwa nini?

4. Ni kifaa gani katika nyumba zetu kinapata moto au kutoa harufu, nasi tumezoea kukiacha hivyo?

5. Kabla ya kununua rauta nyingine, ni hatua zipi kati ya hizi saba tumeshazifanya?

Jadilini maswali haya katika mkutano wenu ujao, kila mtu apate nafasi ya kusema, hata yule asiyejua kutumia rauta. Mara nyingi anayepika jikoni ndiye anayejua taa hufifia saa ngapi.